Mwaka Tuliochemsha Kikombe

Tulimzika Mwalimu Ndunge Julai iliyopita, katika baridi ile ya Machakos ambayo ukungu hushuka kutoka milima ya Iveti na kukaa mjini mpaka watu wamekunywa chai ya pili. Nilifika kanisani Mumbuni mapema kuliko ilivyohitajika, na kwa kuwa sipendi kukaa hemani nikiulizwa watoto wangu wako wapi, niliingia vestri, kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu ambamo kasisi huvaa kanzu yake na kwaya hufanyia mazoezi. Juu ya kabati kulikuwa na kikombe cha zamani cha ushirika. Siku hizi kinawekewa kalamu. Zamani kiling'aa kwa fedha iliyopakwa juu. Sasa ni cha manjano, shaba tupu, isipokuwa mstari mwembamba wa fedha chini ya ukingo, mahali ambapo waya wa kusugulia sufuria haukufika. Nakijua kikombe hicho kuliko vyombo vyangu mwenyewe, kwa sababu kuna mwaka niliokichemsha kila ilipofika Jumapili ya ushirika.

Kazi yangu ya maisha imekuwa kuzuia maambukizi hospitalini. Nimefundisha wauguzi kunawa mikono, nimegombana na madaktari kuhusu glavu, nimesimama mbele ya mashine za kuua vijidudu kwa mvuke nikisubiri kipimo kipande. Watu wakiniuliza nilianzia wapi, huwatajia chuo, maana ndilo jibu wanalolitaka. Lakini nilianzia jikoni kwa shangazi yangu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne na kusubiri nafasi ya masomo. Kwa nini nilikuwa kwake na si kwetu ni habari ya kawaida ambayo kila ukoo unayo, naiacha.

Shangazi, ambaye kila mtu alimwita Mama Syombua, aliuza nafaka sokoni na alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Miaka michache kabla sijaja, kipindupindu kilipita sokoni, na maafisa wa afya wakawakusanya wafanyabiashara kwa mafunzo ya wiki moja. Shangazi alirudi na cheti, akakitundika sebuleni juu ya redio, na tangu siku hiyo nyumba ile ikawa ya kuchemsha. Tulichemsha maji, maziwa, vijiko, vitana na vitambaa vya meza. Vijidudu kwake walikuwa kama wezi wa kuku: huwaoni, lakini lazima wamepita. Jiko lake lilikuwa nje kidogo ya nyumba kubwa, la mabati, na ndani yake daima kulikuwa na sufuria mbili, moja ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, nyingine ya maji yanayotokota bila kusudi maalumu. Nilimcheka kimoyomoyo, lakini nakiri kwamba mwaka wote ule hakuna aliyeharisha.

Mwalimu Ndunge aliishi ng'ambo ya ua wetu wa michongoma. Alifundisha darasa la nne katika shule ya msingi, hakuwa ameolewa, na alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa na masikio ya ajabu. Angeweza kusimamisha wimbo katikati, akamwelekezea kidole mtu mmoja safu ya nyuma na kumwambia kwamba anaimba kama anayeomba msamaha. Mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Nilimpenda sana, kwa sababu alinisahihisha bila kunionea huruma, na katika umri ule kila mtu mwingine alikuwa akinionea huruma. Tulikuwa tukiimba mle vestri jioni, tumebanana, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Madirisha mawili ya chumba kile yalikuwa yamepakwa rangi mara nyingi hata yakashikana na fremu, na juu yake akina mama walikuwa wametundika mapazia mazito waliyoyashona wenyewe. Yalikuwa mapazia ya zambarau. Shangazi aliyaonea fahari.

Mwalimu alianza kukohoa wakati wa Krismasi. Alisema ni chaki. Februari alikuwa akishika ukuta baada ya kila ubeti, na Machi akaenda hospitali ya wilaya, akarudi na habari kwamba ana kifua kikuu. Siku zile ugonjwa huo na ule mwingine vilitajwa kwa pumzi moja, tena kwa sauti ya chini, na mtu akiugua mmoja alipewa na wote wawili. Mwalimu hakumficha mtu. Alimwambia mwalimu mkuu, akamwambia kasisi, akaja kumwambia shangazi akiwa amesimama mlangoni, akakataa kuketi. Shangazi alimwambia pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha alipoondoka, shangazi alimwagia maji ya moto kizingiti.

Wiki iliyofuata kamati ya akina mama ilikutana sebuleni kwetu, na kasisi aliitwa. Kasisi Mutiso alikuwa mtu mwembamba aliyekula polepole na kuongea polepole, kiasi kwamba watu walidhani hafuatilii. Mimi nilikuwa jikoni nikimimina chai, na kila nilipoingia na birika mazungumzo yalipungua, nilipotoka yakaendelea pale yalipoachia. Hakuna aliyetaka Mwalimu afukuzwe. Hilo walilisema mara nyingi mno. Shida ilikuwa kikombe. Kwetu watu wote hupiga magoti mbele na kunywa katika kikombe kimoja, kinachopita mdomo hadi mdomo, na kasisi anafuta ukingo kwa kitambaa. Mama mmoja alipendekeza Mwalimu apewe kikombe chake. Shangazi alikataa.

"Meza ni moja," alisema. "Hatuwezi kuanza kuwa na kikombe ya huyu na kikombe ya yule. Lakini anaweza kunywa mwisho. Na hiyo kikombe tuichemshe, mbele na nyuma."

Wote walimgeukia kasisi. Alikuwa akitafuna andazi, wakamsubiri amalize.

"Atakunywa mwisho," alisema. "Sawa. Nimekubali." Kisha akaomba aongezewe chai.

Nilikasirika naye kwa wepesi ule. Nilitegemea angalau abishane kidogo. Badala yake kazi ya kuchemsha ikaangukia mikononi mwangu. Jumamosi jioni kabla ya ushirika nilikichukua kikombe, nikakitumbukiza kwenye sufuria, nikakaa nacho mpaka shangazi aseme inatosha. Jumapili baada ya ibada nikakirudia vestri, nikakichemsha tena. Baada ya miezi miwili shangazi aliona maji peke yake hayatoshi, akaongeza jiki kidogo, ile ya kufulia nguo nyeupe. Kikombe kikawa cheusi. Tukakisugua kwa majivu na waya, kikatakata, lakini fedha ilikuwa imekwenda pamoja na weusi, na manjano yakaanza kuchungulia. Shangazi alisema hiyo ndiyo rangi yake ya asili.

Mwalimu aliambiwa na shangazi mwenyewe, uso kwa uso, na nadhani hilo lilihitaji ujasiri mkubwa kuliko nilioutambua wakati ule. Jumapili ya ushirika alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango, akasubiri wote warudi kuketi, ndipo akatembea peke yake kwenda mbele. Kanisa lote lilisikia viatu vyake. Kisha akarudi, akiwa ameinua kidevu, na watu wakasoma vitabu vyao vya nyimbo kwa bidii.

Kila asubuhi alikwenda hospitali kumeza dawa mbele ya muuguzi. Mara nyingi nilimsindikiza, kwa kuwa mwanzoni alikuwa dhaifu na sikuwa na kazi nyingine. Kliniki ya kifua haikuwa na chumba cha kungojea. Wagonjwa walikaa nje, kwenye veranda iliyo wazi pande tatu, upepo wote wa mlimani ukipita juu ya magoti yao. Waliamini ni dharau. Mzee mmoja aliyejifunika mablanketi mawili alisema kila siku kwamba hata ng'ombe wana boma. Mwalimu alikuwa na mawazo hayohayo, na siku moja alimwambia muuguzi waziwazi kwamba wagonjwa wa malaria wanakaa ndani ilhali wao wanaachwa nje kama mizigo. Muuguzi, mwanamke mnene aliyechoka ambaye sote tulimwita Sista, aliacha kuhesabu vidonge.

"Mwalimu, hii ugonjwa haiko kwa kijiko wala kwa kiti," alisema. "Iko kwa hewa. Mtu anakohoa, anaimba, inabaki hapo ndani ya chumba inangoja mwingine avute. Hapa nje upepo inabeba. Hiyo upepo unachukia ni dawa, na hatuilipii."

Kisha akamwambia jambo lililomhusu yeye hasa: makohozi yake yamepimwa upya na ni safi, dawa imefanya kazi, hawezi tena kumwambukiza mtu, bora asikatize. Akikatiza ugonjwa utarudi, na ukirudi utakuwa umeshaizoea dawa. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na furaha, nikampelekea shangazi habari hizo jikoni: upepo, hewa, makohozi safi. Shangazi aliendelea kuchambua maharagwe. Alisema kwamba upepo pia una vijidudu, aliambiwa kwenye mafunzo, na kwamba Sista hajui mambo ya kanisa.

Kwaya haikuwa na kikombe, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kumtoa Mwalimu kwenye kwaya. Aliporudi na nguvu, mwezi wa Mei, alisimama tena mbele yetu mle vestri, madirisha yameshikana, mapazia ya zambarau yamefungwa. Mwezi wa Julai Mutua akaanza kukohoa. Mutua alikuwa mchongaji kutoka Wamunyu aliyefungua karakana karibu na stendi ya mji, akichonga twiga na vijiko vya saladi, na ndiye aliyekuwa besi yetu ya maana. Wote walisema ni vumbi la mti. Kisha akapungua hadi mkanda ukazunguka kiuno mara moja na nusu, na Sista akampima, akampata na ugonjwa uleule wa Mwalimu.

Nilichosikia kutoka sebuleni jioni ile sikukipenda. Akina mama walikuwa wameogopa, na mtu aliyeogopa hataki maelezo marefu. Walisema wametahadhari kadiri walivyoweza, wamemweka mwisho, wamechemsha mpaka kikombe kimebabuka, na bado amemwambukiza mtu. Sasa na atoke kwaya. Safari hii shangazi hakusema meza ni moja. Kesho yake habari zilikuwa zimevuka ua wa michongoma kabla mtu hajatumwa kuzipeleka.

Mwalimu hakugombana na mtu. Alimpigia kaka yake wa Yatta simu kutoka posta, akamwomba aje Jumamosi na pikapu amchukue na vitu vyake. Huko alikokuwa akienda, hospitali ilikuwa safari ya siku nzima, na dawa za kumezwa kila asubuhi mbele ya muuguzi zingekuwa hadithi tu. Nilimkuta akifunga godoro kwa kamba. Nilimwambia atakufa. Sikuwahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Alivuta fundo, akalijaribu kama limekaza, akasema, "Mbithe, afadhali nikufe mahali watu wananiangalia usoni." Nililia njia nzima ya kurudi, ambayo si ndefu, ni kuzunguka ua tu.

Jumapili kabla ya Jumamosi ile ilikuwa ya ushirika. Baada ya ibada niliingia vestri kuchukua kikombe na kumkuta Kasisi Mutiso amenipa mgongo. Alikuwa akinywa mabaki. Ni desturi ya kwetu: divai ikishabarikiwa haimwagwi, kasisi hunywa iliyobaki mpaka tone la mwisho, kisha humimina maji kidogo kikombeni, akayazungusha, akayanywa pia. Nilikuwa nimewaona makasisi wakifanya hivyo tangu utotoni, kama unavyomwona mtu akifunga vifungo. Siku ile nilisimama mlangoni na ndipo nikaelewa nilichokuwa nikikitazama. Walikuwa wamepanga foleni yote kwa uangalifu ili asiwepo wa kunywa baada ya Mwalimu, wakamsahau mtu aliyeshika kikombe.

Nilimwuliza kama amekuwa akifanya hivyo kila mwezi. Alifuta ukingo kwa kitambaa chake kabla ya kunijibu.

"Waliniuliza nani atakunywa mbele yake," alisema. "Hakuna aliniuliza nani atakunywa nyuma."

"Hukuogopa?"

"Mara ya kwanza, niliogopa. Nilienda kuuliza Sista. Akaniambia ni madirisha." Aliyatazama yale mapazia ya zambarau, kisha akanipa kikombe. "Lakini mimi ni nani nitoe mapazia ya akina mama."

Nimemfikiria sana Kasisi Mutiso katika kazi yangu. Alikuwa jasiri mahali ambapo hapakuwa na hatari, na mwoga mahali ilipokuwa, na nimekutana na wakuu wa hospitali wengi wa aina hiyo. Lakini nampa haki yake: mara ya kwanza hakujua kwamba hakuna hatari, na alikunywa.

Jioni ile tulikula muthokoi na parachichi. Nilingoja mpaka shangazi amejaza kinywa, maana ndiyo nafasi pekee ya kumaliza sentensi mbele yake, nikamwambia kwamba kasisi hunywa baada ya Mwalimu. Aliacha kutafuna. Aliuliza, kila mwezi? Nikasema kila mwezi. Akauliza, na hajakohoa? Nikasema hajakohoa. Kisha nikasema lile lingine, ambalo lilikuwa limenijia nikiwa bado nakichemsha kikombe mchana. Mutua alikuwa akiishi na mke wake miaka mingi bila kufunga ndoa kanisani, na kwetu asiyefunga ndoa kanisani hasogei mezani. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsumbua kila mwaka apange harusi. Tangu ahamie mji huu, mdomo wa Mutua haukuwa umegusa kikombe kile hata mara moja. Hewa ya vestri, ndiyo, aliivuta nasi tangu Krismasi, kabla Mwalimu hajaanza dawa.

Shangazi alikaa na kijiko mkononi. Sikumbuki redio ilikuwa ikisema nini, nakumbuka tu kwamba ilikuwa ikisema. Alimjua Mutua, alimjua mke wake, alijua safu za kwaya nani husimama karibu na nani. Nilimwona akiipanga vestri kichwani mwake, watu, mlango, madirisha, kama anavyopanga magunia sokoni. Mwishowe aliniuliza Sista alisema nini hasa kuhusu ile veranda. Nikarudia neno kwa neno. Safari hii alisikiliza.

Alikawia siku kadhaa, na nilidhani amelimeza jambo hilo. Ijumaa aliniamsha, tukapita kwa Mutua, ambaye alikuwa ameketi juani mbele ya karakana yake akinywa uji, na shangazi akaazima kwake patasi na nyundo. Hakumweleza za nini. Tulipofika vestri alipanda juu ya kiti, akashusha mapazia yake ya zambarau, akanirushia, kisha akaanza kuchokonoa rangi kuzunguka fremu. Alikuwa mwanamke mzito na kiti kilikuwa kikilalamika. Alipiga, akachokonoa, akapiga, mpaka dirisha la kwanza likaachia kwa kishindo na hewa baridi ikaingia na harufu ya majani yaliyolowa. La pili lilipasuka kioo kimoja. Alisema afadhali. Hakunigeukia mara moja, na alipogeuka niliona amelia, lakini alisema ni vumbi la rangi, nikakubali ni vumbi la rangi.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, mimi nikibeba patasi. Chumba kilikuwa kimeondolewa kila kitu ukutani, godoro limesimama limefungwa, na yeye ameketi juu ya sanduku akinywa chai ya rangi. Shangazi alikaa kitandani, juu ya chaga tupu, bila kukaribishwa. Hakuomba msamaha. Sijawahi kumsikia akiuomba kwa mtu yeyote mpaka leo.

"Kwaya ni kesho saa tisa," alisema. "Mkuje na sweta. Madirisha itakuwa wazi."

Mwalimu aliweka chai yake sakafuni. "Na Jumapili ya ushirika?"

"Kaa mahali unataka."

"Nitakaa tu nyuma," Mwalimu alisema. "Nimezoea kuona migongo yenu." Kisha akanyoosha mkono kwangu, akachukua patasi, na kukata kamba ya godoro.

Kaka yake alifika Jumamosi, akapewa chakula, akanung'unika, akarudi Yatta na pikapu tupu. Sista aliita kwaya nzima tukapimwa, wote tukiwa tumejipanga verandani, na hakupatikana mwingine. Mutua alipona, akafunga ndoa kanisani Desemba kwa shinikizo la shangazi, na siku hiyo akanywa kikombe cha manjano kwa mara ya kwanza. Mwalimu alimaliza dawa mwezi wa Novemba. Mimi nilipata nafasi ya chuo Januari, na mwalimu wa darasa la kwanza kabisa alipotuuliza ni nani anayejua maana ya kuzuia maambukizi, sikuinua mkono, kwa sababu nisingejua niishie wapi.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka nje. Shangazi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa shali na blanketi, amekuwa mdogo kama kifurushi, na siku hizi majina ya watu humpotea. Aliniuliza mara mbili mimi ni binti wa nani. Tulimweka nyuma, kando ya benchi la mwisho, ambalo Mwalimu aliendelea kulikalia maisha yake yote yaliyobaki. Madirisha yote ya kanisa yalikuwa wazi, kama yanavyokuwa kila Jumapili, Januari na Julai, na ukungu ulikuwa ukiingia juu ya vichwa vya watu. Kijana mmoja wa kupanga watu viti, mgeni katika ushirika wetu, aliwaona wazee wakitetemeka, akaja taratibu kuvuta dirisha lililokuwa juu yetu. Nilifungua mdomo, lakini shangazi alikuwa ameshamshika mkono wa koti.

"Acha hiyo," alimwambia. "Hiyo dirisha ni ya Ndunge."